Shemeji anataka kuuza nyumba ya marehemu, nami sina hela ya wakili

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Ujiji, Kigoma. Jina langu nakuomba ulifiche, maana mji wetu ni mdogo na watu nitakaowataja humu ndio tunaozikana nao.

Nina miaka 46. Niliolewa mwaka 2003 kwa ndoa ya Kiislamu, cheti ninacho. Mume wangu alikuwa na boti ya uvuvi pale Kibirizi, mimi nauza mawese. Mungu alitujalia watoto watatu. Wa kiume ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne na yupo yupo tu nyumbani. Wawili ni wa kike: mmoja yuko kidato cha pili, mdogo wao yuko darasa la nne. Mume wangu alifariki Agosti 2023 kwa presha. Alianguka alfajiri, saa nne asubuhi tukawa tunatandaza mikeka ya msiba.

Alituachia nyumba ya vyumba saba. Vitatu tunakaa sisi pamoja na mama mkwe, vinne tumepangisha kwa elfu 25 kila kimoja. Kuna shamba la michikichi ekari tatu njia ya Simbo, na ile boti na injini yake. Kiwanja cha nyumba hakina hati, kuna ofa tu, ile barua ya kugawiwa kiwanja, na hiyo ofa shemeji aliichukua siku ya pili baada ya mazishi akisema anakwenda kuitoa fotokopi.

Baada ya arobaini ukoo ulikaa. Mimi nilikuwa bado ndani ya eda, nimekaa chumbani nyuma ya pazia. Nikasikia wamempendekeza mdogo wake marehemu awe msimamizi wa mirathi. Daftari likaletwa na kalamu, nikasaini pale walipoweka kidole. Sikusoma. Nani angesoma? Januari 2024 akarudi na karatasi yenye muhuri wa Mahakama ya Mwanzo, akatuita sebuleni, akasema kuanzia leo kila kitu kiko chini yake kisheria.

Tangu hapo kodi za wapangaji zinaingia kwenye simu yake. Boti na injini aliuza, akasema marehemu alikuwa na deni la nyavu la milioni nne. Deni hilo mume wangu hakuwahi kuniambia. Sitaki kumsingizia: muhula mmoja alimlipia binti yangu michango ya shule, na sikukuu ya Idi alileta kilo tano za mchele. Nikimuuliza habari za kodi anasema, "Shemeji, subiri, bado nalipa madeni ya kaka."

Wiki mbili zilizopita alikuja na mabwana wawili wenye futi kamba. Hawakunisalimu vizuri. Wakapima nje, kisha wakaingia ndani. Ukuta wa sebuleni kwetu una alama za penseli, baba yao alikuwa anawapima watoto urefu kila Idi na kuandika mwaka. Yule bwana akaweka futi juu ya alama hizo hizo, akaandika namba kwenye kiganja chake. Mpangaji wangu mmoja ndiye aliyeninong'oneza kwamba nyumba inauzwa.

Nikaenda kwa wakili mjini. Alinipokea kwa heshima, akasema kazi yote ni milioni moja na nusu, nianze na laki saba. Shangazi, mimi siku ikiwa nzuri napata faida ya elfu nane. Asubuhi za baridi mawese yakiganda kwenye chupa nashinda nayapasha juani. Laki saba sina na sijui nitaitoa wapi.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja anayekaa chini ya mwembe karibu na mahakama. Ana begi la ngozi na mihuri mitatu, watu wote wanamwita wakili. Akasema kwake ni laki mbili na nusu. Nimeshampa elfu 80. Risiti hakunipa. Kila nikienda ananiambia faili limepanda juu, na juzi ametaka laki moja nyingine "ya kumwona mtu".

Halafu kuna kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Dar. Anasema atagharamia wakili mwanzo mwisho, ila nimwandikie kwamba kesi ikiisha nusu ya shamba la michikichi ni yake. Ameshatuma karatasi kwenye WhatsApp, anataka nisaini kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama yangu mzazi anasema mali ya marehemu ina balaa, nimwachie Mungu nirudi nyumbani Kasulu. Mama mkwe, ambaye tunapendana kweli, analia tu. Anasema, "Mkipelekana mahakamani mimi nitafia kwa nani?" Na kijana wangu ameacha kuongea. Juzi nimemkuta uani ananoa panga, nikamuuliza, akasema ni la shambani. Shamba lenyewe hatujakanyaga tangu mfungo.

Kwenye kikoba nina hisa za laki sita, tunavunja Desemba. Nizitoe nimpe wakili? Nisaini karatasi ya kaka? Au niondoke niwaachie? Mimi niliishia darasa la saba, Kiingereza sijui, hela ya wakili sina, na nahisi nimeshachelewa.

Mjane, Ujiji

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nachambua kama mchele. Ninachokisikia ni hiki. Mdogo wake marehemu aliteuliwa na mahakama, anakusanya kodi, ameuza boti kwa deni ambalo hukulijua, na sasa anaelekea kwenye nyumba unayoishi na watoto na mama yake mwenyewe. Wewe unaona njia tatu, na kila moja inataka hela au inataka shamba. Ya nne ni kufunga virago kwenda Kasulu. Huku nyuma kuna panga linanolewa.

Mimi si wakili. Nimekaa tu sana kwenye mabenchi ya mahakama nikiwasindikiza watu, na ninayokuambia yachukue hivyo.

Nianze na hilo neno wakili, maana limerudi rudi kwenye barua yako kama mlango uliofungwa kwa kufuli. Shauri lenu liko Mahakama ya Mwanzo. Je, unajua kwamba kwa miaka mingi mno wakili hakuruhusiwa hata kusimama kumtetea mtu kwenye mahakama hiyo? Ni juzi juzi tu sheria imeanza kuwafungulia. Mahakama ya Mwanzo iliwekwa kwa ajili ya muuza mawese na mvuvi wajieleze wenyewe, kwa Kiswahili, mbele ya hakimu. Kiingereza hakijawahi kuwa na kazi pale. Na tangu mwaka 2021 sheria imekitaja Kiswahili kuwa ndiyo lugha ya mahakama zote nchini, kwa hiyo darasa lako la saba lisikutie unyonge. Sisemi wakili hana maana. Nauliza tu kama hatua ya kwanza inamhitaji, au umeambiwa inamhitaji.

Sasa hiyo karatasi yenye muhuri. Shemeji yako alisema kila kitu kiko chini yake, na wewe uliposaini daftari la ukoo unahisi ulisaini mali iondoke. Hapana. Ulichosaini ni kwamba unakubali yeye apendekezwe. Msimamizi wa mirathi ni mtu aliyepewa kazi: akusanye mali ya marehemu, alipe madeni ya kweli, kinachobaki awagawie warithi. Na kazi hiyo ina tarehe. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa arudishe mahakamani orodha ya mali na madeni, wanaiita Fomu Namba 5. Baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama inapanga, analeta hesabu ya alichokusanya na alichotoa, hiyo ni Fomu Namba 6. Mahakama inaweza kumwongezea muda akiomba. Lakini kama aliteuliwa Januari 2024, basi kufikia Mei mwaka ule ule ilipasa kuwe na kitu kwenye jalada. Kodi yako ya laki moja kila mwezi ilipaswa kuonekana humo. Boti ilipaswa kuonekana humo, na deni la nyavu pia, na jina la anayedai.

Umeshaliona hilo jalada? Katika barua yote sijaona mahali ulipoingia mahakamani kwa miguu yako. Umeishia chini ya mwembe.

Kwenda kuangalia jalada hakuhitaji laki saba. Chukua cheti cha ndoa, kitambulisho, na namba ya shauri kama unayo. Kama karatasi anayo shemeji, taja jina la marehemu na mwezi aliteuliwa, karani atatafuta. Mwambie wewe ni mke wa marehemu na unaomba kuona jalada la mirathi na kupata nakala. Karani si wa kukupa ushauri, usimuulize ufanye nini, utamweka pabaya naye atakujibu ovyo. Omba jalada tu. Nakala zina ada ndogo, na ada yoyote halali ya mahakama hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwenye simu au benki, unabaki na uthibitisho. Mtu akitaka ya mkononi, hiyo si ada.

Ukikuta Fomu Namba 5 na 6 hazimo, unaandika barua ya ukurasa mmoja kwa hakimu. Nimeona barua kama hizo zikiandikwa kwenye karatasi ya daftari zikafanya kazi: "Mimi ni mke wa marehemu fulani, shauri la mirathi namba fulani. Msimamizi hajaleta orodha wala hesabu, na nimepata habari kwamba anataka kuuza nyumba tunayoishi. Naomba mahakama yako imwite alete hesabu, na isimamishe uuzaji mpaka warithi tusikilizwe." Barua ndiyo hiyo. Ipeleke nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea, ubaki nayo.

Ukikuta fomu zimo, hadithi inabadilika, na hapa nataka uwe na moyo wa kupokea. Inawezekana deni la nyavu ni la kweli. Wanaume wetu wa ziwani hukopa nyavu na mafuta, halafu ikija mbalamwezi boti hazitoki, deni linakua kimya kimya na nyumbani hasemi. Sikwambii ni hivyo. Nasema hujaliona deni hilo, na pia hujaona kwamba halipo. Hesabu ndiyo itakayosema. Kama ameeleza milioni nne kwa karatasi na kodi kwa karatasi, mtakuwa na la kuzungumza. Kama ameandika namba za kupika, nazo zitajionyesha, kwa sababu wapangaji wako wanne wana kumbukumbu za malipo kwenye simu zao. Waombe wasizifute.

Hesabu isiporidhisha, sheria inakuruhusu kuomba mahakama ile ile imwondoe na kuweka mwingine. Inaweza kuweka wawili pamoja, mathalani wewe na mmoja wa upande wao, au ikamteua mtu asiye na upande. Hiyo si rufaa. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ndiyo ina siku 30, na nadhani hizo ndizo mtu alizokutajia ukaona umechelewa. Hata hivyo usistarehe. Mahakama zetu zimewahi kusema kwamba msimamizi anaweza kuuza mali bila kila mrithi kuridhia, mradi anafanya kazi yake kwa nia njema. Watu wengi hawalijui hilo, wanakaa wakisema "hawezi kuuza bila mimi kusaini". Anaweza, na mnunuzi akishahamia, kuirudisha nyumba ni safari ya Hija kwa miguu. Kwa hiyo futi kamba ile imenitisha kama ilivyokutisha wewe.

Ndiyo maana, wakati jalada linatafutwa, kuna watu wawili wa kupelekewa barua: mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye mauziano ya nyumba mara nyingi hupita mezani kwake, na ofisi ya ardhi ya manispaa, kwa kuwa kiwanja hakina hati na kumbukumbu ya ofa iko kwao. Wajulishe tu kwamba nyumba hiyo iko kwenye mirathi na warithi hawajapata hesabu. Hawana mamlaka ya kuamua mirathi, lakini mnunuzi makini akiuliza atakuta kuna maneno.

Turudi kwa mama mkwe, maana naona umemweka kundi la wanaohitaji kuhurumiwa peke yake. Muulize shehe wenu wa msikitini, bure, kahawa itoe wewe. Katika mirathi ya Kiislamu mke mwenye watoto ana thumni, moja ya nane. Mama wa marehemu ana sudusi, moja ya sita, pale marehemu alipoacha watoto. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili kwa fungu moja la kila wa kike. Na marehemu akiwa ameacha mtoto wa kiume, ndugu yake hana fungu kabisa. Sasa soma tena hesabu hiyo polepole. Mama mkwe wako ana fungu kubwa kuliko lako! Kodi ikiliwa, inaliwa na yake. Nyumba ikiuzwa, anauziwa na yeye, na mwuzaji ni mwanawe. Anapolia kwamba mtampeleka mwanawe mahakamani, huenda hajui kwamba na yeye ni mwenye haki ya kudai hesabu. Wewe ukimuuliza shemeji unakuwa mke wa watu anayetaka mali. Mama yake akimuuliza, "Mwanangu, hesabu ya kaka yako iko wapi?", nani atasema mama anataka mali?

Linaweza kugeuka pia. Anaweza kumwendea mwanawe usiku, akamwambia yote, naye akaharakisha kuuza. Unamjua kuliko mimi. Wengine huanza na mama kisha mahakama, wengine hupeleka barua asubuhi na kuongea na mama jioni. Mpangilio huo ni wako.

Jambo jingine la kumuuliza shehe, na pia mtu wa sheria: kama hela yako ya mawese iliingia kwenye matofali ya nyumba ile, hilo si suala la thumni. Mali yako haigawanywi kama ya marehemu. Tafuta risiti, fundi aliyejenga, yeyote aliyekuona unanunua mabati.

Mzee wa mwembeni nilimwacha makusudi maana nilitaka hasira ipoe. Mwanangu, huyo ni kishoka. Wakili wa kweli ameandikishwa na ana leseni anayoihuisha kila mwaka. Mahakama ina mfumo kwenye intaneti unaoitwa e-Wakili, unaandika jina unaona kama yumo na kama leseni yake iko hai. Mpe kijana wako simu akufanyie, dakika tano. Kujifanya wakili ni kosa kisheria. Na ile laki ya "kumwona mtu", ukiitoa, kesho utakuwa wewe mwenye kosa la kuhonga, na hata haitafika popote. Elfu 80 yako inauma, najua ni siku kumi nzuri za sokoni. Unaweza kuidai mbele ya mashahidi, unaweza kumripoti, unaweza pia kuamua hutaki vita viwili kwa wakati mmoja. Ila cheti chako cha ndoa, kama amekishika, kirudi mkononi mwako leo.

Badala yake wapo watu wanaoitwa wasaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hao wanatambuliwa na kusajiliwa, na hawaruhusiwi kukutoza hela. Hawasimami mahakamani kukutetea, hiyo si kazi yao. Lakini barua ile ya ukurasa mmoja, fomu, kukuonyesha dirisha la kwenda, kukaa na shemeji kwa usuluhishi, ndizo kazi zao za kila siku. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii pale manispaa, uliza waliosajiliwa kwa eneo lenu ni akina nani. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imekuwa ikizunguka mikoani na wanasheria wanaosikiliza bure. Kila mwishoni mwa Januari kuna Wiki ya Sheria, mahakama hutoa elimu na ushauri hadharani. Hizo mbili ni za kuvizia, nyumba yako haiwezi kuzisubiri. Kwa masuala ya wajane kuna pia mashirika kama Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA. Hata kama ofisi zao ziko mbali nawe, mtu haanzi kwa kupanda treni. Huanza kwa kupiga simu.

Nisikudanganye kwamba vya bure havina gharama. Utaambiwa njoo kesho. Utakutana na msaidizi mzuri na utakutana na aliyechoka. Kila siku ya mahakama ni siku ambayo mawese hayakuuzwa. Na yako mahali ambapo kweli utamhitaji wakili: nyumba ikishauzwa, mkalazimika kumfuata mnunuzi. Kesi za ardhi zinapita kwanza Baraza la Kata, ambalo siku hizi linasuluhisha tu, lina siku 30, likishindwa mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na hata kabla ya hapo kuna ubishi wa kisheria kama jambo kama lenu ni la ardhi au limebaki kuwa la mirathi. Mtu akikosea mlango hapo, anarudishwa mwanzo baada ya miaka miwili. Ikifika huko, laki sita za kikoba zitakuwa na kazi. Ukizimwaga sasa kwa kuangalia tu jalada, utafika huko mikono mitupu. Unaweza pia kumrudia yule wakili wa mjini na swali dogo zaidi: ushauri wa saa moja ni kiasi gani? Wengi hawaulizwi hivyo, wanaulizwa kesi nzima, wanataja bei ya kesi nzima.

Kaka wa Dar huenda ana nia safi. Kuna watu wa ukoo wasiotoa hata nauli. Lakini nitazame usoni: shamba lile ni la nani leo? Halijagawanywa. Lina fungu la bibi, lina fungu la binti wa darasa la nne asiyejua kama kuna karatasi WhatsApp. Ukisaini nusu kwa kaka, umetoa ambacho hakijawa chako, na siku ya mahakama shemeji ataiinua karatasi hiyo juu: "Mheshimiwa, huyu ndiye anayeuza mali ya yatima." Ungeweza kumjibu kaka kwamba unahitaji msaada mdogo zaidi, nauli, nakala, ada ya ushauri, na utamrudishia kwa hela ya mawese. Jibu lake litakufundisha jambo kuhusu kaka.

Kwenda Kasulu nako ni chaguo, sikudharau. Mwili una kiasi chake. Ila kuondoka siku chache kwa mama upumue ni kitu kimoja, kuhama na kuacha vyumba vitupu mbele ya mwenye futi kamba ni kingine.

Yule kijana sasa. Ana miaka 19, ni mtu mzima mbele ya sheria, na ni mrithi mwenye fungu kubwa kuliko wote nyumbani humo. Hakuna aliyemwita kwenye kikao, sivyo? Mwite. Mpe daftari awaandike wapangaji, miezi na kiasi. Mpeleke mahakamani akusomee jalada, macho yake ni mazuri kuliko yangu na yako. Panga usilifiche, atalitafuta. Mwambie unakuja naye shambani Jumapili, michikichi imeota magugu tangu mfungo.

Na ule ukuta wa sebuleni, upige picha kabla ya wengine hawajaja. Halafu ukishatoka mahakamani niandikie mstari mmoja tu: Fomu Namba 5 imo, au haimo.

Shangazi